Kifaa Kipya cha Trekta: Kifungwe na Fundi wa Muuzaji au na Mwenye Trekta?

Matini ya mazungumzo kwa wakaazi wa wadi kuhusu huduma za zana za kilimo



Kila mwaka, kabla ya mvua za masika kushika mwezi wa Machi, mabonde ya Pemba huingia katika shughuli moja kubwa ya kuchimba na kuburuga. Katika majuma hayo mwenye trekta hutafutwa kila upande. Mkulima mwenye kipande cha nusu eka, na mara nyingi mkulima huyo ni mama mwenye familia, huandikisha jina lake na kusubiri zamu. Zamu ikifika kwa wakati, mbegu huingia ardhini pamoja na mvua. Zamu ikichelewa, bonde hujaa maji, trekta haliwezi tena kuingia, na msimu humpita mkulima huyo hali anautazama. Kwa karatasi, trekta ni mali ya mtu mmoja. Kwa kazi yake, ni tegemeo la watu wengi.

Ndiyo maana suala linaloonekana kumhusu mwenye trekta peke yake linastahili kuzungumzwa mbele ya wakaazi wote. Suala lenyewe ni hili: mwenye trekta anaponunua kifaa cha kuliongezea uwezo, je, amsubiri fundi wa muuzaji aje akifunge, au akifunge mwenyewe kwa msaada wa jamaa na fundi wa mtaani?

Vifaa vinavyohusika vinajulikana. Yapo magurudumu ya chuma ya kupita kwenye tope. Zipo taa za kufanyia kazi usiku. Lipo tela la kubebea mbolea, mpunga na karafuu. Ipo rotaveta ya kuburuga, inayozungushwa na shafti ya nyuma ambayo mafundi huiita PTO. Ipo mipira ya ziada ya haidroli, na ipo fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka. Kila kimoja kina faida yake, na kila kimoja kinaweza kufungwa vizuri au vibaya.

Hoja za pande zote mbili zina uzito. Anayetaka kufunga mwenyewe husema kwamba muuzaji yuko Dar es Salaam au Unguja, na kati yake na bonde kuna bahari. Fundi akitoka huko atalipwa nauli, malazi na posho kabla hajashika spana. Kipuri kikisahauliwa, kitasubiri meli ya kuteremka Mkoani. Tena anayefunga kwa mkono wake huifahamu mashine yake, na siku inapoharibika katikati ya bonde hujua pa kuanzia. Wapemba wamezoea kutengeneza vyombo vyao wenyewe, baharini na mashambani, na mazoea hayo si ya kudharauliwa.

Anayemtaka fundi wa muuzaji naye ana hoja zake. Fundi huyo ana kitabu cha mashine, ana vipimo vya kukazia boliti, na amekwisha kufunga kifaa kama hicho mara nyingi. Kosa likitokea, yupo wa kuulizwa. Dhamana ya trekta jipya, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi au kwa saa za kazi, inaweza kupotea kwa sehemu iliyobadilishwa bila idhini. Mwenye trekta aliyeokoa malipo ya ufundi anaweza kujikuta analipa giaboksi nzima.

Watu wengi huanza kulinganisha gharama kwa kuuliza fundi anadai kiasi gani. Swali hilo ni la lazima, lakini mara nyingi si ndilo kubwa. Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila mwenye trekta ataibadilisha kwa bei za kwake. Trekta linalima eka 4 kwa siku, na kila eka hulipiwa shilingi 40,000. Mwenye trekta amefunga rotaveta mwenyewe na kuokoa shilingi 300,000 za fundi. Shafti ikakatika katikati ya Machi kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko kipimo, na trekta likalala siku 7. Hizo ni eka 28, sawa na shilingi 1,120,000 zilizopotea, mbali na bei ya shafti mpya. Lakini mwenzake aliyesubiri fundi wa muuzaji kwa siku 7 hizohizo za Machi amepoteza fedha ileile bila kuvunja kitu. Kwa wote wawili, gharama kubwa ni siku za msimu, na siku hizo si za mwenye trekta pekee. Eka hizo 28 ni za familia ambazo zamu yao haikufika.

Kwa hiyo lipo swali la kutangulizwa kabla ya bei: kifaa hiki kikishindwa, kitamfanya nini mtu? Kikishindwa na trekta likasimama tu, hiyo ni hasara inayovumilika. Kikishindwa na mtu akafa au akakatika kiungo, hakuna akiba inayolipa. Swali hilo likiulizwa kwa uaminifu, kazi nyingi hujigawa zenyewe katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la kazi ambazo mwenye trekta mwangalifu anaweza kuzifanya mwenyewe. Mfano mzuri ni taa za kazi. Taa 4 za wati 48 kila moja hufanya wati 192. Betri ni ya volti 12, na 192 ikigawanywa kwa 12 hupatikana ampea 16. Fyuzi ifaayo basi ni ya ampea 20, na waya uwe mnene kiasi cha kubeba zaidi ya hapo bila kupata moto. Fyuzi ikae karibu na betri, na umeme wa taa upitie kwenye rilei ili swichi isiungue. Kabla ya kazi, waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza, na baada ya kazi hurudishwa mwisho. Fyuzi ikikatika, sababu itafutwe. Anayeweka kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi amegeuza waya wote wa trekta kuwa fyuzi, nao utakatika kwa moto.

Kazi nyingine ya fungu hili ni kutia maji katika magurudumu ya nyuma ili trekta liongezeke uzito na lishike ardhi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo lita 150 katika kila gurudumu ni kilo 300 kwa magurudumu mawili, bila kununua chuma chochote. Gurudumu huzungushwa mpaka vali iwe juu, kisha maji hutiwa yasizidi robo tatu, na nafasi iliyobaki hujazwa upepo. Hata hivyo, uzito huo hufaa kwenye ardhi kavu na wakati wa kuvuta tela. Katika tope jingi huzamisha trekta na kushindilia udongo. Huko, chombo kifaacho ni gurudumu la chuma.

Magurudumu ya chuma nayo, hasa ya pawatila, hufungwa na wenyewe kila msimu bila shida, madhali yametengenezwa kwa kipimo cha mashine hiyo. Yanayohitaji kuangaliwa ni mambo mawili. Kwanza, nati zote zikazwe tena baada ya saa chache za kazi ya mwanzo, kwa kuwa chuma kipya hukaa na kulegea. Pili, magurudumu hayo yasipitishwe juu ya lami wala kwenye kingo za barabara za ndani. Hukwaruza lami na kubomoa kingo, na matengenezo ya barabara hizo hulipwa kwa fedha za wananchi haohao. Yabebwe kwa tela au kwa gari ya ng'ombe mpaka bondeni, yafungwe huko.

Katika fungu hilohilo zimo kazi za kupaka grisi, kubadilisha oili na chujio, kusafisha vichwa vya betri vinavyoliwa na hewa ya chumvi, na kufunga kiti au kioo cha pembeni. Sharti moja tu liongezwe: oili chafu isimwagwe mtaroni wala kando ya mfereji wa bonde. Ikusanywe katika dumu. Maji ya mfereji mmoja hupita katika mashamba ya watu wengi.

Fungu la pili ni la kazi ambazo hazifai kufanywa kwa kubahatisha. Ya kwanza ni kila kitu kinachozungushwa na shafti ya PTO. Kipimo cha kawaida cha shafti hiyo ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mizunguko 9 kwa kila sekunde moja. Ncha ya kanga, shungi la buibui au mkono wa shati ukinaswa, kabla mtu hajasema neno nguo imekwisha kuzungushwa mara 9, na mwili unafuata. Kwa sababu hiyo shafti hutoka kiwandani ikiwa imevikwa kifuniko cha plastiki. Katika kufunga kifaa kipya, kifuniko hicho mara nyingi ndicho cha kwanza kuvuliwa kwa kuwa kinazuia spana, na ndicho cha mwisho kukumbukwa. Tena shafti inayounganisha trekta na rotaveta hukatwa kwa kipimo. Ikiwa ndefu, hugonga na kuvunja giaboksi zana inaponyanyuliwa. Ikiwa fupi, huchomoka ikiwa katika mwendo. Kazi hii ni ya fundi aliyefundishwa, na katika mabonde ambamo akina mama hufanya kazi karibu na mashine, ni kazi ya kuangaliwa mara mbili.

Ya pili ni haidroli. Presha ya upepo katika tairi la gari ndogo ni kama baa 2. Katika haidroli ya trekta la kawaida presha huweza kufika baa 150 na kupita. Mpira uliotobolewa na tundu dogo kama la sindano hutoa uzi wa mafuta usioonekana vizuri, na uzi huo huweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha lake linaonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu mafuta yaliyoingia huozesha kiungo. Mtu asitafute uvujaji kwa kiganja cha mkono. Atumie kipande cha boksi, na injini iwe imezimwa na zana imeteremshwa chini kabla ya kufungua kiungo chochote. Mpira usio wa kiwango hicho cha presha haufai kuungwa, hata ukiwa na unene uleule.

Ya tatu ni fremu ya kumkinga dereva. Sweden iliweka sharti mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu hiyo. Mwaka 1957, vifo vya kupinduka na trekta nchini humo vilikuwa 12 kwa kila matrekta 100,000. Baada ya sharti hilo kuenea, vilishuka sana. Fremu hizo hazikuchongwa na kila mtu kwa bomba alilonalo. Zilijaribiwa kwa kugongwa na kukandamizwa kabla ya kuuzwa. Paa la kivuli lililochomelewa mtaani humfaa dereva kwa jua, lakini trekta likilala juu yake hujikunja na kumbana. Hata fremu ya kiwandani hupoteza nguvu ikitobolewa au kuchomelewa ili kupachika taa au spika. Atakayetaka kufunga taa hapo atumie kibano cha kuzunguka bomba. Na fremu huokoa maisha pamoja na mkanda wa kiti. Dereva asiyefunga mkanda anaweza kutupwa nje na kuangukiwa na fremu hiyohiyo.

Ya nne ni mahali pa kuungia tela. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na tela lenye magunia hupanda na kushuka kila siku. Trekta limeundwa livute kutoka kwenye chuma cha chini, kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Anayechomelea ndoano ya juu ili tela likae sawa, au anayefunga mnyororo kwenye kiungo cha juu ili ajinasue kutoka kwenye tope, hubadilisha hesabu yote. Nguvu ya mvuto huinua magurudumu ya mbele, na trekta huweza kugeuka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Hatari hiyohiyo humpata anayefunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapande tope: magurudumu yakizuiwa, mwili wa trekta ndio unaozunguka. Trekta lililonasa lisaidiwe na trekta jingine au lichimbuliwe kwa majembe.

Ya tano ni kuongeza nguvu za injini kwa kuchezea pampu ya dizeli. Moshi mweusi unaotoka baada ya hapo ni mafuta yasiyoungua, yaani fedha inayopaa. Joto linaloongezeka hufupisha maisha ya injini, na lakiri ya kiwandani ikikatwa, dhamana imekwisha.

Baada ya mgawanyo huo, mtu anaweza kudhani kwamba jibu limepatikana: kazi nyepesi kwa mwenyewe, kazi nzito kwa muuzaji. Jibu hilo lina ukweli, lakini halijakamilika, na historia ya nchi jirani ya Tanganyika inaonyesha upungufu wake.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko Kongwa, katika mpango uliokusudia mashamba makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana katika nchi hizi. Matrekta mapya hayakutosha, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu. Yakanunuliwa matrekta yaliyotumika, yakiwemo masalio ya jeshi kutoka Ufilipino. Kisha kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ikachukua vifaru vya vita vya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mabadiliko hayo yalifanywa na kiwanda kikubwa chenye wahandisi mahiri, si na fundi wa kubahatisha. Hata hivyo mashine ziliharibika kwa wingi. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu na yenye kulamba chuma, vipuri vilikuwa mbali, na karakana na mafundi wa hapo hawakuwa wametayarishwa kwa mzigo ule. Januari 1951 mpango ulisimamishwa, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30.

Kongwa inafundisha kwamba ubora wa aliyefunga kifaa hautoshi ikiwa hakuna anayekijua pale kinapofanyia kazi. Fundi wa muuzaji akifika Pemba kwa siku moja, akafunga, akapokea malipo na kupanda meli ya jioni, ameacha mashine nzuri na watu wasioijua. Siku itakapolegea, itamsubiri yeye. Na kwa kuwa msimu hausubiri, itafungwa na yeyote aliye karibu, kwa namna yoyote ile. Hapo kazi iliyoanza kwa muuzaji inaishia kwenye kubahatisha kulekule kulikokimbiwa.

Njia inayofaa zaidi kwa kisiwa ni ya tatu: kazi nzito isimamiwe na muuzaji, lakini mikono ya fundi wa hapa iwemo ndani yake tangu boliti ya kwanza. Njia hii haihitaji ofisi mpya wala sheria mpya. Inahitaji makubaliano.

Kwanza, wenye matrekta wa wadi moja au wadi jirani waungane wakati wa kununua. Wamiliki 4 wanaohitaji rotaveta au fremu wakimwita fundi mmoja kwa safari moja, nauli na malazi yake hugawanywa mara 4. Muuzaji naye hujibu haraka zaidi anapoitwa na kundi kuliko anapoitwa na mtu mmoja.

Pili, katika mapatano ya ununuzi iandikwe kwamba ufungaji utafanyika mbele ya fundi wa mwenye trekta, na kwamba fundi huyo ataonyeshwa vipimo, sehemu za kupaka grisi na dalili za kuharibika. Sharti hili lisemwe kabla ya fedha kulipwa. Baada ya malipo, huwa ombi tu.

Tatu, fundi wa hapa achaguliwe kwa ujuzi. Pemba ina Chuo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, ambacho ni mahali pa kuanzia kwa kijana anayetaka ufundi wenye misingi. Wadi yenye matrekta kadhaa ingefaidika kuwa na vijana wawili watatu waliosoma ufundi wa magari na uchomeleaji, kisha wakakaa karibu na fundi wa muuzaji kila anapokuja. Baada ya misimu michache, kazi nyingi za fungu la pili zitakuwa zimepata mtu wa kuzifanya papa hapa, kwa idhini ya muuzaji na kwa kipimo chake.

Nne, karatasi zihifadhiwe. Stakabadhi, namba ya mashine, namba ya kifaa, tarehe ya kufungwa, saa zilizosomwa kwenye mita siku hiyo na jina la aliyefunga viandikwe katika daftari moja linalokaa na trekta. Muuzaji akikubali kwamba mwenye trekta afunge mwenyewe bila kupoteza dhamana, idhini hiyo iwe ya maandishi. Hata ujumbe wa simu uhifadhiwe. Mnunuzi aliyeuziwa kifaa kibovu, au aliyenyimwa dhamana aliyoahidiwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni vigumu kuyasimamia. Kwa upande wa ushauri wa kufaa kwa zana yenyewe, maofisa kilimo wa wilaya ndio wa kuulizwa kabla ya kununua. Tanzania Bara kuna CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya Serikali inayoshughulikia majaribio ya zana za kilimo. Mnunuzi amuulize muuzaji kama zana hiyo imejaribiwa, na aonyeshwe ushahidi.

Hayo yote hayatafaa kitu yakifanywa Machi. Kalenda ndiyo inayoamua. Mpunga ukishavunwa na mabonde yakakauka, wenye matrekta huwa na nafasi ya kukagua, kuagiza na kufunga. Kifaa kifungwe wakati huo, kijaribiwe kwenye ardhi kavu kwa saa chache, kikazwe tena, kisha kijaribiwe kwa kazi ndogo ya vuli. Kasoro ikijitokeza Novemba, ipo nafasi ya kusubiri meli. Kasoro hiyohiyo ikijitokeza Machi, hulipwa kwa eka za watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kilimo cha bonde, ukuta huo hujengwa na jirani.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa mabonde yanabadilika. Mlemele na Makwararani zimo katika mradi wa miundombinu ya umwagiliaji uliogharamiwa kwa mkopo kutoka Korea ya Kusini. Bonde lenye maji ya mfereji linaweza kulimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hapo trekta halina tena miezi mirefu ya kupumzika. Mashine itakayofanya kazi mara mbili itaonyesha ubovu wa ufungaji wake mara mbili upesi.

Wapo wakaazi wasiomiliki trekta wala pawatila, nao ndio wengi. Hao si watazamaji. Anayekodi trekta ana haki ya kuuliza kabla ya zamu yake: shafti ina kifuniko? Nani alifunga rotaveta, na lini? Tela limeungwa kwenye chuma cha chini? Dereva akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu. Wazazi wanaweza kuzuia watoto wasidandie tela wala kukaa juu ya matope ya magurudumu, ambako mtikisiko mmoja tu hutosha kumwangusha mtoto mbele ya gurudumu. Akina mama wanaofanya kazi nyuma ya rotaveta wanaweza kukubaliana na dereva kwamba injini izimwe kabla ya mtu yeyote kusogea kuondoa majani yaliyonasa. Dakika moja ya kuwasha upya haijawahi kumchelewesha mtu msimu.

Kwa ufupi, mwenye trekta afunge mwenyewe kile ambacho kikishindwa kitasimamisha kazi tu, tena akifunge kwa kipimo. Kile ambacho kikishindwa kitamwumiza mtu, kifungwe kwa usimamizi wa muuzaji, na fundi wa hapa akiwa ameshika spana pembeni yake. Na vyote viwili vifanywe kabla ya wingu la kwanza la masika, ili zamu ya yule mama mwenye nusu eka ifike siku aliyoahidiwa, na dereva wake arudi nyumbani jioni akiwa mzima.